Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Kamba

6 Februari

Mpwa wangu Kasuku,

Nakusalimu mimi, inakusalimu cherehani, na paka naye anakusalimu. Sote watatu hatujambo. Goti langu la kulia, lile lililokuwa likilia mwaka mzima kama mlango usiotiwa mafuta, limenyamaza. Nadhani limechoka kulalamika. Mama yako alinitumia salamu kwa mtu, nimezipata, ila mtu mwenyewe alizisahau nusu njiani, kwa hiyo mwambie azirudie. Mkaza mjomba wako hayupo. Amevuka mto kwenda kumsalimu dada yake kwa siku mbili tatu. Naye hajambo. Mimi ninakula vizuri, usiwe na wasiwasi. Yai la kuchemsha ni chakula kamili.

Sasa tuje kwenye jambo. Kila mteja anayekuja kupimwa nguo ninamwambia kwamba mtangazaji wa redio ni mtoto wa dada yangu, na kwamba jina la Kasuku nilimpa mimi mwenyewe, kwa kuwa alianza kusema kabla hajaota meno. Kila asubuhi nawasha redio kwenye kipindi cha salamu. Namsikia yule kijana anayecheka kabla hajasema kitu cha kuchekesha. Wewe sikusikii. Bila shaka unatangaza saa ambazo nina wateja.

Nataka unipigie wimbo. Unaitwa Kamba Haijakatika. Usiniambie huujui, maana hakuna anayeujua, na hilo ndilo linaloniuma. Uliimbwa na makarani watatu wa posta pamoja na mke wa mmoja wao, zamani kabla hujazaliwa. Walitoa sahani moja tu ya santuri. Upande wa kwanza waliweka wimbo wa kukata kiuno, na watu wakainunua kwa ajili ya kiuno. Upande wa pili wakaweka huu, wa kantri, wenye gitaa lile la kuteleza. Watu waliugeuza mara moja, kwa bahati mbaya, wakarudi upesi kwenye kiuno. Mimi peke yangu nilibaki upande wa pili. Nilibeba santuri kichwani hadi kwa wakwe zangu, nikaiweka kizingitini, nikampigia mkaza mjomba wako wimbo huo mara nne mfululizo. Baba yake alitoka akasema nipewe binti upesi ili watu walale.

Basi nataka useme hivi: wimbo huu ni kwa mke wa fundi cherehani wa nyuma ya soko, kutoka kwa mumewe, ambaye hajaachia kamba. Usiongeze neno. Na usiulize kwa nini. Mtu anaweza kumtumia mkewe wimbo bila kuwa na sababu.

Paka ananivuta suruali, na mayai yameiva.

Mjomba wako, Fundi

27 Februari

Mjomba wangu, fundi wa mafundi,

Barua yako imefika ikiwa na ganda la yai ndani ya bahasha, kwa hiyo nimeamini yote uliyosema kuhusu chakula. Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile, juu ya duka la vioo, na bado naamshwa kila asubuhi na mtu anayekata kioo. Mama hajambo. Anasema salamu hazikusahauliwa nusu, alizituma hivyohivyo fupi kwa sababu hujamjibu za mwaka jana. Nisamehe kuchelewa, kazi ni nyingi.

Ulisema siku mbili tatu. Leo ni wiki tatu tangu uandike. Mkaza mjomba amesharudi? Msalimie sana, mwambie bado ninalo lile gauni lake la maua alilonipunguzia.

Sasa, huo wimbo. Mimi sina ugomvi na mapenzi, lakini kantri, Mjomba, jamani. Lile gitaa hulia kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Halafu kuna mkuu wa vipindi, ambaye sisi kwa siri tunamwita Kipaza. Sheria yake ni kwamba wimbo usiomtikisa mtu bega ndani ya nusu dakika hauingii asubuhi. Nilijikaza nikamtajia wimbo wako, nikamweleza habari ya gitaa na kamba. Akaniuliza kama ni tangazo la dawa ya mifugo.

Kuhusu saa zangu hewani, zinabadilikabadilika. Usijisumbue kunitafuta. Redio ni kubwa.

Kwani huwezi kumwimbia mwenyewe akirudi? Sauti yako si mbaya, ilimradi mtu awe chumba cha pili.

Nakuacha na paka wako, mla mayai mwenzako.

Kasuku

12 Machi

Kasuku,

Salamu zangu leo zimepungua kidogo kwa sababu ya hasira, lakini zipo. Goti limeanza tena. Paka hajambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikitumaini kwamba ya kwanza nilikosea.

Dawa ya mifugo. Haya. Kaa kitako nikufundishe kusikiliza.

Wimbo unaanza na gitaa peke yake. Linapanda hatua tatu, linarudi moja. Linapanda tatu, linarudi moja. Ndivyo apandavyo ngazi mtu aliyebeba mzigo. Kisha inaingia ngoma, na mpigaji, kumbuka, ni karani wa posta, kwa hiyo anapiga kama anagonga muhuri kwenye bahasha. Hana madoido. Halafu anaimba mwanamume anayemchimbia mkewe kisima. Yeye yuko shimoni anachimba, mke yuko juu anavuta ndoo za udongo kwa kamba.

Pima moja nimechimba, nimekutana na jiwe,
Pima mbili nimechimba, jiwe limezaa jiwe,
Majirani wanacheka, wacha wacheke wenyewe,
Wewe juu, mimi chini, kamba haijakatika.

Mtunzi mwingine angetoa maji kwenye ubeti wa pili, watu wapige makofi. Huyu hatoi. Ubeti wa pili jembe linavunjika mpini. Hadi wimbo unakwisha hujui kama maji yalipatikana. Nyimbo zenu za kutikisa bega zote ni za mapenzi ya wiki ya kwanza. Nani anaimba habari ya mwaka wa ishirini na sita, mpini umevunjika na mnaendelea? Huyu karani tu. Nikimsikiliza yule mwanamume kule chini, jasho linamtoka na hakati tamaa, najiona mimi kwenye cherehani. Baada ya ubeti wa pili sahani yangu ina mkwaruzo, sindano inaruka hadi mwishoni kabisa. Si neno. Lililobaki haliwezi kuwa kubwa.

Mkaza mjomba wako bado yuko kwa dada yake. Wana maongezi mengi. Nilimpelekea barua, ikarudi haijafunguliwa. Nadhani miwani yake imevunjika. Na kule hata redio hakuna kusikiliza, maana huyo dada yake, shemeji yangu, ni bahili wa betri. Anaiwasha mara moja tu kwa siku, saa saba mchana, asikilize tanzia, kisha anazima. Anasema vipindi vingine havina ukweli. Mimi tanzia siwezi, zinaniondolea hamu ya kazi.

Kazi si haba. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua koti lake. Matundu ya vifungo nilikuwa nimeyatengeneza mwenyewe safari hii. Alipofunga, bega la kushoto likapanda hadi karibu na sikio. Nikamwambia ndio mtindo. Akasema yeye ana mkutano wa wazazi, hana maonyesho. Koti limebaki hapa linanitazama.

La kushukuru ni kwamba nina kibao kipya juu ya mlango, kikubwa, herufi nyekundu: FUNDI BINGWA. KAZI YOTE HUFANYWA NA MIMI MWENYEWE. Ni dawa ya yule fundi wa upande wa pili, anayewapa wanagenzi wachezee nguo za watu. Kililetwa tarehe 3 Februari na kimependeza mno. Mkaza mjomba wako alikisoma mara mbili.

Piga wimbo.

Mjomba wako, mwenye subira kuliko unavyofikiri

9 Aprili

Mjomba wangu,

Leo salamu zangu ni hizi: mimi mzima, mama mzima, chumba kizima. Nina mambo matatu ya kukwambia, na mawili kati yake yananichoma.

La kwanza. Mimi si mtangazaji wa salamu. Ninasoma tanzia. Tangu Oktoba. Habari nilizisoma siku mbili tu. Siku ya pili kulikuwa na habari ya kufunguliwa daraja, na mkasi ukagoma kukata utepe, mheshimiwa akavuta, akavuta, mwishowe akaung'ata kwa meno. Nilicheka hewani dakika nzima. Kipaza akasema kicheko cha aina hiyo kina dawa yake, akanipeleka kwenye vifo. Nimevaa sauti ya msiba hadi imeniganda. Juzi nilikwenda dukani kuomba sabuni, muuzaji akaniambia pole. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeshawaambia wateja wako wote.

La pili. Sahani yako nimeipata. Ilikuwa kwenye maktaba ya muziki, chini kabisa ya rafu, nyuma ya ndoo ya kudekia. Upande wa kwanza umechakaa kama soli ya kiatu cha tarishi. Upande wa pili unang'aa, hakuna aliyewahi kuugusa. Niliuweka ili nicheke, nipate cha kukuandikia. Ubeti wa kwanza nikacheka kweli, pale jiwe linapozaa jiwe. Ubeti wa pili, mpini ulipovunjika, nikaacha kucheka. Na Mjomba, upo ubeti wa tatu. Mwanamume ananyamaza, gitaa linabaki peke yake, anaimba yule mke wa karani ambaye muda wote alikuwa anaitikia nyuma kwa sauti ndogo. Nimekunakilia:

Wajua giza la chini, hujui jua la juu,
Viganja vimechubuka, na wewe unaimba tu,
Panda nawe siku moja, uishike huku juu,
Mimi juu, wewe chini, kamba haijakatika.

Nilikaa sakafuni pale pale kando ya ndoo. Nimeurudia mara tisa. Umenishinda, nakubali, ni wimbo mzuri kuliko zote zilizomo kwenye rafu ile, na mimi ndiye niliyeuita kidole mlangoni.

La tatu ni swali. Kibao kilifika tarehe tatu Februari. Barua yako ya kwanza, yenye mayai, ni ya tarehe sita. Mimi hesabu hii naiweza. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakaa chini ya meza yako ya kukatia nikiokota vipande vya kitambaa. Nakumbuka mguu wako kwenye cherehani. Na nakumbuka aliyekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mwenye subana kidoleni, anayepinda mapindo na kutengeneza matundu ya vifungo ya kila shati, kila koti, kila sare iliyotoka mlangoni kwako kwa miaka ishirini na sita. Hakuwa wewe. Sasa niambie, Mjomba, kazi yote hufanywa na nani?

Wimbo nitaupiga. Kabla ya tanzia huwa napewa dakika tatu za muziki wa taratibu, nachagua mwenyewe, hakuna anayejali. Kipaza saa hiyo yuko mezani anakula. Alhamisi tarehe 17, saa saba kamili, shemeji yako akiwa amewasha redio, nitaupiga wote na kusema maneno yako bila kuongeza neno. Nchi hii hakuna mtu mwingine anayeweza kumfikia mkaza mjomba ila mimi. Mara ya kwanza tangu Oktoba nimefurahia kazi yangu.

Anayekupenda hata ukikosea,

Kasuku

19 Aprili

Kasuku,

Anayekuandikia ni marehemu.

Alhamisi nilikuwa nimeketi kwenye cherehani, nashona mfuko. Saa saba na nusu akaingia muuza nyama wa jirani, akanitazama, akatoka kinyumenyume bila kunisalimu. Nikadhani ana deni la salamu. Baada ya muda kidogo nikasikia viti vinaburutwa nje. Nikachungulia. Watu kama kumi wamekaa mbele ya mlango wangu, nyuso ndefu, wengine wameshika tama. Mimi najua adabu, nikatoka, nikavua kofia, nikauliza kwa upole nani ametutoka. Mama mmoja wa mstari wa mbele akapiga ukelele, akaanguka na kiti chake.

Waliniambia nimesomwa redioni. Nikawajibu haiwezekani, redioni yuko mpwa wangu, na yeye ni wa kipindi cha salamu. Wakatazamana. Muuza nyama akaniambia, fundi, sauti ya tanzia ni ya mpwa wako, tangu mwaka jana, kwani hukujua? Mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi niliyekuwa nawatangazia. Nimekuwa nikiwapima viuno huku wao wananihurumia.

Wakanieleza walivyosikia. Saa ile, miaka yote, hakijawahi kusomwa kitu kisicho na maiti ndani yake. Ukatangulia wimbo wa huzuni. Kisha sauti ile yako, ambayo sasa nimeambiwa hata ungesoma nayo bei ya vitunguu watu wangelia: kwa mke wa fundi cherehani wa nyuma ya soko, kutoka kwa mumewe, ambaye hajaachia kamba. Ukaendelea na marehemu wengine. Sasa wewe ungekuwa mtu wa kawaida mwenye redio ungeelewa nini? Wengine walisema wamesikia hata saa ya maziko.

Mwalimu mkuu alikuja kuulizia koti lake kabla mali hazijagawanywa. Fundi wa upande wa pili alikuja kutoa pole, nikamkuta anapima urefu wa kibao changu kwa futi yake.

Saa kumi alifika mkaza mjomba wako. Ametoka kivukoni kwa miguu, kiatu kimoja amekivaa, kingine amekishika. Watu wakampisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni ili watu wanione ninavyopumua. Alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akaja, akanishika shavu. Kasuku, miaka mingapi sijashikwa shavu. Ningenyamaza pale mambo yangekuwa mengine. Lakini unanijua. Nikamwambia kwa furaha, umeona, wimbo umefika.

Akauondoa mkono. Akainua macho juu ya kichwa changu, akakisoma kibao, mara ya tatu sasa. Kisha akasema taratibu, watu wote wakisikia: "Siku ukifa kweli, niandikie." Akavaa kiatu chake, akarudi kivukoni.

Waliokuja kunizika walikaa hadi jioni. Wamemaliza chai yote.

22 Aprili. Naendelea.

Sikuwa nimeituma hiyo ya juu. Leo imefika barua yako ya tarehe tisa. Siku kumi na tatu njiani. Wangekuwa wale makarani wangu watatu isingechelewa hivyo.

Nimesoma ubeti wa tatu. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Nitakwambia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, au nilijifanya nimelisahau, sijui. Sahani ilikuwa nzima tulipooana. Mwaka ule wa kwanza sindano ya santuri ilivunjika, na dukani hazikuwepo. Mimi nikasema sindano ni sindano, nikafunga ya cherehani. Ilikwenda vizuri ubeti wa kwanza, wa pili, ilipofika wa tatu ikazama ikalima. Mkaza mjomba wako alikuwa kwenye kigoda chake. Alisema, umenilima ubeti wangu. Mimi nikacheka, nikamwambia, beti mbili zinatosha.

Tangu siku hiyo, kila nikipiga wimbo, sindano ikifika pale na kuruka, yeye anaendelea kuvumisha kitu kwa sauti ya chini huku anatengeneza matundu. Miaka ishirini na sita. Nilikuwa nadhani anavumisha tu, kama wanawake wanavyovumisha wakiwa kazini. Kasuku, alikuwa anauimba. Alikuwa anauimba wote hadi mwisho, na mimi nimeshainuka kuzima santuri.

Alipoondoka hakugombana. Alivua subana akaiweka mezani juu ya koti la mwalimu mkuu. Nami nikamwambia asichelewe, kuna matundu manane yanamngoja. Hicho ndicho nilichokuwa sitaki kukuandikia.

Nimeona aibu. Nakwambia wewe kwa sababu mama yako atacheka.

Fundi

6 Mei

Mjomba wangu mpendwa, ambaye namshukuru Mungu yu hai,

Sisi huku wazima, mama alicheka, samahani, ilibidi nimsomee. Ila nilipofika kwenye habari ya kuvumisha aliacha, akaniuliza kama nina leso.

Nisamehe kwa kifo. Naapa sikuongeza neno. Sauti ndiyo iliyoongeza. Nilikuwa nimefurahi hivi moyoni, lakini koo lilikuwa limeshazoea.

Kipaza alinisimamisha kazi wiki moja, akasema nimetangaza kifo kisicho na maiti. Siku ya nne akaniita. Simu ya mapokezi ilikuwa haipumui. Watu wanaulizia ule wimbo wa kamba. Nikadhani sasa utaingia asubuhi, nikavaa gauni la maua. Hapana. Wanaopiga ni wafiwa. Wanataka watangaziwe marehemu wao kwa wimbo uleule. Wiki hii nimeupiga mara kumi na moja. Wimbo wako hatimaye umepata wenyewe, Mjomba, ila nusu yao hawasikii tena. Ninaupiga wote, beti tatu, na Kipaza hathubutu kunikatiza. Juzi nilipita mlangoni kwake nikamwona ameinamisha kichwa, anatikisa bega. Bega moja, lakini nililiona.

Nimekurekodia kwenye kaseti, imo humu.

Lakini wewe umenyamaza. Barua yako imeishia kwenye aibu na tangu hapo kimya. Amerudi? Umekwenda? Usinitumie habari za paka. Kila saa saba nikipewa karatasi ya majina naanza kwa kutafuta la kwako, naogopa nisije nikakusoma kweli na watu wasiamini.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Kasuku

25 Mei

Kasuku,

Paka hajambo. Ulisema nisimtaje, ndiyo maana nimeanza naye.

Nitaandika kwa ufupi, nitakwambia sababu mwishoni. Siku ya pili baada ya kukutumia ile barua nilifunga duka, nikavuka mto. Nilibeba koti la mwalimu mkuu, uzi na subana. Barua sikubeba, maua sikubeba, wala hotuba. Mkaza mjomba wako alikuwa barazani anachambua mchele. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikakaa kwenye ngazi, nikavaa subana, nikaanza kufumua matundu yangu mabaya ili niyashone upya.

Siku ya kwanza aliendelea na mchele wake. Shemeji alipita akasema marehemu anashona. Siku ya pili nilijichoma mara kumi na nne, alizihesabu shemeji. Saa saba iliwashwa redio, ukaupiga wimbo kwa ajili ya mzee mmoja wa watu, Mungu amrehemu. Ulipofika ubeti wa tatu nikaweka koti chini, nikasikiliza hadi mwisho. Mkaza mjomba wako hakuvumisha. Alikuwa ananitazama kama nitainuka. Sikuinuka. Nilitaka kumwambia mengi, nikamwambia tu kwamba vidole vinauma, na kwamba sikujua kama vinauma hivi.

Siku ya tatu akaliinua koti, akaligeuza, akatazama matundu yangu kwenye mwanga, moja baada ya jingine. Akasema: "Twende nyumbani, kabla hujaliharibu kabisa koti la watu."

Kwenye kivuko nilimwambia nitakibadilisha kibao leo leo. Akasema kibao kingoje. Kwanza nitengeneze matundu mia moja kwa mkono wangu, yaliyonyooka, yeye akiwa kwenye cherehani, ndipo tutajua pale juu paandikwe nini. Kwa hiyo sasa yeye anakanyaga cherehani, na mimi niko kwenye kigoda karibu na dirisha. Yasiyonyooka hayahesabiwi. Anayahesabu yeye.

Kaseti imefika. Barua imekuwa fupi kwa sababu vidole vimechubuka, hata kalamu naishika kwa kitambaa.

Mjomba wako, mwenye subana

Mpwa wangu, mimi ni mkaza mjomba wako, nimempokonya kalamu. Tanzia zako nimezisikiliza zote tangu Oktoba, za mwanzo kwenye redio ya muuza nyama. Sikumwambia huyu kwa sababu hakuniuliza. Unasoma vizuri, ila punguza huzuni kidogo, wengine bado tuko hai. Mwalimu mkuu amechukua koti, limekaa sawa mabegani. Matundu ya mjomba wako yamefika thelathini na tisa. Santuri nimeitia kabatini, kaseti ndiyo inayopigwa. Kila ikifika ubeti wa tatu anauimba yeye, kwa sauti yake mbaya, na mimi nasimamisha cherehani nimsikilize.